Tapeli Anasema Kiswahili, Kampuni Inasema Herufi

Katika barua zote zinazonifikia kwa njia ya simu, iliyoandikwa kwa Kiswahili kilicho wazi kuliko zote ni ya mtu anayetaka kuniibia. "Ile hela itume kwenye namba hii," huniandikia, kisha hutaja jina litakalotokea, ili moyo wangu utulie. Hamna ndani yake herufi ya kigeni, wala kifupisho, wala sharti lililofichwa chini kwa maandishi madogo. Ni maneno machache ambayo ajuza asiyepata kukanyaga darasani huyaelewa kwa kusomewa mara moja, na madhali ameyaelewa, na madhali huenda yuko mtu ambaye kweli alikusudia kumpelekea hela siku ile, huyatii. Mwezi uliopita kampuni moja ya simu, ambayo sitaitaja jina, iliniletea ujumbe wenye nia njema kabisa, nia ya kunihadharisha nisiibiwe, nao ulikuwa na OTP, PIN na USSD katika mistari miwili, mithili ya kokoto katika wali. Niliusoma mara tatu, mimi ambaye kalamu ndiyo jembe langu. Nikajiuliza muuza ndizi wa Mtaa wa Mkunguni, ambaye simu yake ndiyo benki yake, yeye aliusoma mara ngapi kabla hajakata tamaa na kuufuta.

Hoja yangu leo ni moja, nayo nitaizunguka kwa utaratibu kama mtu azungukavyo soko kabla hajanunua. Biashara ya simu katika nchi yetu imeyapatia Kiswahili maneno yote ya kununulia, ikayaacha katika herufi za kigeni maneno ya kujilindia. Na katika ufa huo ulio baina ya lugha mbili ndimo tapeli alimofungua duka lake.

Nisidhaniwe kuwa nalia juu ya umaskini wa Kiswahili, kwani mahali penyewe ninapoyaandikia haya panakanusha dhana hiyo. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, nayo kwa lugha yao ikaitwa Carrier Corps. Wenyeji waliyachukua maneno hayo mawili magumu, wakayatafuna, wakayapa irabu yalizozikosa, wakayatema yakiwa Kariakoo. Na leo mchuuzi anayepanga viatu juu ya turubai katika Mtaa wa Kongo hana habari kwamba jina la soko lake lilikuwa istilahi ya kijeshi, wala hahitaji kuwa nayo, kwa kuwa neno limekwisha kuwa lake.

Hata neno simu lina safari ndefu kuliko minara yote iliyosimikwa juu ya maghorofa ya Msimbazi. Asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni fedha, kisha uzi wa fedha, kisha waya wowote. Likavuka bahari likafika pwani, likawa jina la chombo kilichopeleka habari kwa waya. Waya ukaondoka, jina likabaki. Wakaja wataalamu na kadi ndogo iliyobeba utambulisho wa mteja, wakaiita SIM kwa kuziunganisha herufi tatu za Kiingereza, na kwa sadfa ya kuchekesha ikawa jina lake linakaribia kabisa kulingana na lile la Kiajemi. Lakini sisi hatukulitaka, tukaiita laini, neno ambalo nalo kwa asili yake ni mstari, ni waya. Basi mtu aliyesimama kando ya kituo cha mabasi cha Gerezani, asiyeunganishwa na chochote isipokuwa hewa, hupiga waya kwa kutumia waya, na wala hajikwai kwa hayo.

Nikitaka kuonyesha jinsi watu wa mjini walivyo mafundi wa jambo hili, alama moja inatosha. Katika kibonyezo cha simu iko ile alama ya mistari miwili iliyokatizwa na mistari mingine miwili, ambayo Wazungu wenyewe wameiita kwa majina kadha wa kadha bila kuafikiana. Wetu waliitazama mara moja, wakaona pau mbili na mataruma yaliyolazwa juu yake, wakasema: hii ni reli. Tangu siku hiyo wakala aliyekaa chini ya mwavuli wake humwelekeza mteja, "Piga nyota mia hamsini nyota sifuri sifuri reli," na mteja, awe ametoka Masasi au Mwanza, hupiga bila kuuliza. Huko ndiko kufasiri kwa watu wanaoishi na kitu: hawakuingia kamati, hawakuandika kamusi, walitazama wakataja.

Ndivyo yalivyozaliwa maneno yote ya kununulia. Fedha zilizobaki zikaitwa salio, mawasiliano yanayonunuliwa kwa pamoja yakaitwa kifurushi na watangazaji na bando na vijana, mtu anayepokea na kutoa fedha kwa niaba ya kampuni akapewa jina la kale na la heshima la Kiarabu, wakala, na kitendo chenyewe cha kupeleka fedha kikawa kurusha, kama vile noti ni ndege. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, haikulazimika kumfundisha mtu yeyote Kiingereza ili aweke au atoe. Ilipofika Machi 2017 na ruhusa ya kubadili kampuni bila kupoteza namba ikaanza kutumika, wahandisi walikuwa na herufi zao tatu za kuliita jambo hilo. Sokoni likaitwa kuhama, neno ambalo kila mpangaji wa Ilala analijua kwa uchungu wake. Pale ambapo kampuni inataka uje, lugha haina kizuizi.

Sasa na tugeukie upande wa pili, upande wa kufuli na funguo.

Herufi PIN zilipokuja, zilikuja na bahati njema, kwa sababu mtu fulani, na Mungu amlipe, alizifasiri kwa maneno matatu: namba ya siri. Tazama kazi inayofanywa na maneno hayo. Hayakulitaja jambo tu, yamelitolea na amri, kwa maana siri haisomwi hadharani, haiandikwi ukutani wala haitolewi kwa mgeni, na hayo kila mtoto wa Kiswahili ameyanyonya pamoja na maziwa ya mama. Mteja hufika kwa wakala, hutaja kiasi, kisha huinamisha kichwa na kuifunika simu kwa kiganja anapobonyeza namba yake, na wakala mwenye adabu hutazama pembeni, kuelekea barabarani, kama mtu anayemngoja rafiki. Adabu hiyo haikuletwa na kanuni yoyote. Imeletwa na neno siri.

Ikaja kisha OTP, ambayo ni ndugu wa tumbo moja na PIN, tena pengine ni ya hatari zaidi, kwa kuwa ndiyo namba ya kupita ambayo mtandao au benki hukuletea kwa ujumbe ili utumie mara moja tu, ithibitike kwamba anayetaka kufungua akaunti ni wewe na si mwingine. Hii haikupata mfasiri. Imeachwa ni OTP, au huitwa kodi, neno ambalo kwa Kiswahili ni malipo ya nyumba na ushuru wa serikali. Basi tapeli hupiga simu kwa sauti ya ukarimu, "Shikamoo mama, mimi ni wa huduma kwa wateja, kuna kodi imekuja hapo kwenye simu yako, hebu nisomee," na mama yule yule ambaye asingemtajia hata mumewe namba yake ya siri huvaa miwani yake na kumsomea mgeni tarakimu sita, moja baada ya moja, kwa sauti na kwa utulivu. Tumemlaumu mama huyo mara nyingi, tukamwita mjinga. Mimi nasema hakuna aliyemwambia kwamba ile nayo ni siri. Aliambiwa ni herufi tatu, na herufi hazina siri.

Uko pia mtego ambao wenye kampuni huuita kwa Kiingereza na vijana wa mjini huuita kuswapu laini. Laini ikipotea au ikiharibika, mwenyewe huenda dukani, huthibitishwa, hupewa kadi mpya yenye namba ile ile, na ile ya zamani hufa papo hapo. Huo ni msaada mkubwa kwa mwenye haki. Lakini tapeli akijifanya yeye ndiye mwenye laini na akafanikiwa, kadi iliyo mfukoni mwako ndiyo inayokufa, na tangu dakika hiyo kila ujumbe wa kuthibitisha uliokuwa wako huwa wake. Dalili yake ni moja na haihitaji elimu: mtandao unatoweka ghafla katika simu yako ilhali jirani yako aliye kampuni hiyo hiyo anaongea na kucheka. Usingoje kesho, azima simu, ipigie kampuni yako, uombe laini ifungwe. Katika mlango huo huo wa laini pana kufuli nyingine yenye jina la PIN, tofauti na ile ya fedha, ambayo ukiikosea mara tatu kadi hujifunga na kukudai PUK, namba ya tarakimu nane; na hiyo nayo ukiibahatisha ikakataa mara kumi, kadi imekwenda na maji, huna budi kununua nyingine. Kufuli mbili zenye jina moja, na ufunguo wa akiba wenye jina lisilosema lolote: nani angejenga nyumba namna hiyo?

Katika Kariakoo, ambako fedha hupita mikono mingi kuliko mahali pengine popote nchini, kutojua tofauti ya vifupisho viwili kunaweza kumfilisi mtu kabla ya adhuhuri. Viwili hivyo ni SMS na USSD. Cha kwanza sote tunakijua kwa jina la meseji. Cha pili ni ile njia ya nyota na reli, ambayo hutumika hata katika kitochi kisicho na intaneti. Tofauti yao naifananisha na posta ya zamani. Meseji ni barua: huandikwa, huwekwa katika ghala la mtandao, hungoja mpaka simu ya mpokeaji iwashwe, na mtu yeyote mwenye kalamu na hila anaweza kuandika barua inayofanana na ya benki. Nyota na reli ni mazungumzo ya dirishani: unauliza, karani anakujibu papo hapo kutoka katika daftari lake, na mstari ukikatika mazungumzo yamekwisha, hapana kilichowekwa akiba.

Nimemwona kwa macho yangu muuza vitenge mmoja, mwanamke wa makamo, akionyeshwa na mnunuzi mwenye haraka meseji iliyokwisha ingia katika simu yake mwenyewe: umepokea kiasi kadhaa, kutoka kwa fulani, salio lako jipya ni kadhaa, na nukta zote mahali pake. Mnunuzi alikwisha nyosha mkono kuuchukua mzigo. Yule mama hakumbishia wala hakumtukana. Alimwambia, "Subiri kidogo, baba, nitazame mfukoni," akapiga nyota yake na reli yake, akaweka namba yake ya siri, akasoma salio. Halikuongezeka hata senti. Alipoinua macho mteja alikuwa amekwisha potelea katika umati wa Mtaa wa Sikukuu. Nikamuuliza kama anajua maana ya USSD; akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la babu wa mfalme wa Uingereza, akasema, "Mimi najua meseji inadanganya, salio halidanganyi." Hiyo ndiyo maana yake halisi, na ningependa kuiona imebandikwa katika kila kibanda cha wakala badala ya herufi nne ambazo hata waliozitunga huzitamka kwa kujikongoja.

Haki inanilazimisha niseme kwamba Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa mwaka 2003, imekwisha kutupa silaha kadhaa za kujikingia, na si kosa lake pekee kwamba zimekaa ghalani. Mwezi Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini kote, na kwa muda wa majuma machache kabla ya hapo neno IMEI, ambalo ni namba ya tarakimu kumi na tano inayoitambulisha simu yenyewe kama vile namba ya chasisi inavyolitambulisha gari, lilitoka midomoni mwa wapishi, makuli na wauza maji. Watu walipiga nyota, reli, sifuri, sita, reli, wakaitazama namba yao, wakaituma kwenda 15090 kujua kama simu ni halali. Walijifunza kwa siku chache kwa sababu mbili: jambo liliwagusa, na walielezwa kwa Kiswahili hatua baada ya hatua. Kisha kuanzia Mei 2019 mpaka tarehe 20 Januari 2020 tulipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole na kwa namba ya kitambulisho cha taifa, ile yenye tarakimu ishirini, ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, na kwa hiyo ukimpa mtu namba hiyo umempa zaidi ya namba. Wengi wetu tuliondoka katika foleni tukidhani shughuli imekwisha. Ni wachache wanaokumbuka kupiga *106# ili waone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lao, na pengine wakute wageni wanaokaa chini ya paa lao bila kulipa kodi. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba namba ya tapeli yaweza kushtakiwa kwa kutumwa kwenda 15040. Silaha zipo. Zimeandikwa majina ambayo askari hawezi kuyasoma.

Naam, yapo na makosa yasiyoibia mtu bali humchosha na kumgharimu, na katika haya mfano wangu ni wa Mtaa wa Aggrey, karibu na Likoma, ambako maduka ya simu yamebanana kama meno. Bibi mmoja wa heshima, kanga begani, alikuwa akinunua simu ya kupangusa.

"Shikamoo, bibi," kijana wa dukani alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nataka ya kumwonea mjukuu wangu, yuko Maskati."

"Hii hapa, bibi. GB mia na ishirini na nane, RAM nne."

Bibi alitafakari, akaihesabu hesabu yake kimoyomoyo, akasema, "Mia na ishirini na nane ni nyingi. Zitanifikisha Ramadhani?"

Kijana alicheka, kisha akajirudi, kwani alikuwa amelelewa. "Hapana, bibi. Hizi GB za simu ni kabati, la kuwekea picha zako, haliishi likijaa, unapunguza tu. Zile za bando ni nauli, ya kuzileta picha kutoka kwa mjukuu. Nauli ndiyo inayoisha. Na RAM ni meza: ikiwa ndogo, huwezi kufanya kazi mbili juu yake."

Kabati, nauli na meza. Sijapata kusoma katika tangazo lolote la kampuni, pamoja na wingi wa fedha zinazomwagwa katika matangazo hayo, maelezo yaliyolitendea jambo hili insafu kama yale ya kijana yule asiyelipwa kwa kueleza. Ningemwongezea moja tu, la herufi b. Kampuni ikinadi kasi ya Mbps 20, b hiyo ndogo ni biti, na biti nane ndizo zifanyazo baiti moja, ambayo huandikwa kwa B kubwa. Basi mtu anayepakua filamu ya GB 1 akitazamia ishuke kwa sekunde 50 atangoja sekunde 400, karibu dakika saba, hata kama mtandao umetimiza ahadi yake yote bila kupungua. Hakudanganywa, alisomeshwa kwa herufi ndogo alichodhani ni kubwa. Na zile herufi zinazowaka juu ya kioo, E, H, 4G na sasa 5G iliyoanza kutolewa hapa mwaka 2022, hazina fumbo lolote: E ni njia ya kizazi cha pili, H ni ya kizazi cha tatu, na G yenyewe maana yake ni kizazi. Ukiona E, tuma maandishi, picha iahirishe.

Najua nitajibiwa kwa methali, kwa sababu watu wetu wana methali kwa kila uvivu. Asiyejua maana, watasema, haambiwi maana. Methali hiyo ni nzuri barazani, penye utani na mafumbo, ambako hasara ya asiyejua ni kuchekwa. Katika biashara inayoshika amana za watu haina nafasi, kwa kuwa asiyejua maana ndiye hasa aliyelipa ili aambiwe. Nitajibiwa tena, na hoja hii ina uzito zaidi, kwamba vifupisho ni lugha ya ulimwengu mzima, kwamba fundi wa Kariakoo na fundi wa Guangzhou huelewana kwa IMEI bila mkalimani, na kwamba kila wataalamu wetu walipotunga neno geni tulilikataa: tulipewa tarakilishi, tukabaki na kompyuta, tulipewa nywila, nalo limebaki kwa wasomi.

Nakubali yote. Sidai kwamba fundi anyang'anywe herufi zake, wala sitaki kamati itunge neno jipya ambalo bibi wa Aggrey atahitaji kamusi ili alielewe, maana hapo tutakuwa tumebadili kufuli bila kumpa ufunguo. Ushahidi wangu ni kwamba sokoni nywila ilishindwa na namba ya siri, na iliyoshinda ndiyo inayojieleza yenyewe. Na kama yuko anayedhani kwamba kifupisho hakiwezi kuwa cha Kiswahili, na aukumbuke ugonjwa uliogunduliwa hapa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983. Wazungu walikuwa na herufi zao nne. Sisi hatukuzichukua, tulitazama ugonjwa unafanya nini mwilini, tukasema ni upungufu wa kinga mwilini, tukazichota silabi, tukapata UKIMWI, na neno hilo likaingia katika kila kijiji likiwa na maelezo yake tumboni. Tulifanya hivyo kwa sababu roho za watu zilikuwa hatarini. Mfuko wa mtu maskini, ambamo mna ada ya mtoto na dawa ya mzazi, hauko mbali sana na roho yake.

Mwaka 2021 Bunge letu lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, baada ya miaka mingi ya kuambiwa kwamba sheria haiwezi kusemwa kwa lugha hiyo. Ikiwa hakimu ameweza, karani wa kampuni ya simu hana udhuru. Ninachotaka kwake ni kidogo: kwamba kila ujumbe unaogusa fedha ya mtu au siri yake uandikwe kwa maneno ambayo wakala aweza kumsomea ajuza chini ya mwavuli, katikati ya makelele ya mikokoteni na wapiga debe, mara moja, akaelewa. Herufi zikitakiwa na zifuate baadaye, kama mzigo unaofuata msafiri.

Nitaambiwa hakuna nafasi. Meseji moja hubeba herufi 160, kipimo ambacho mhandisi wa Kijerumani, Friedhelm Hillebrand, alikifikia mwaka 1985 kwa kuandika sentensi za kawaida kwa taipureta na kuzihesabu, akaona kwamba binadamu aweza kusema alilonalo ndani ya kiasi hicho. Nami nimeketi nikaandika, nikahesabu kwa kidole, tarakimu, nafasi na nukta zote zikiwamo:

"Hii ni siri ya mara moja: 482913. Inafungua fedha zako. Usimsomee mtu yeyote, hata akisema ni sisi. Anayeiomba ni mwizi."

Ni 120. Zimebaki 40, na kampuni ikitaka zinatosha kumwamkia mteja.